Jimbo la Mashariki na Milima ya Uluguru

Katika mazungumzo haya twataka kueleza habari za Jimbo la Mashariki la Tanganyika, jimbo ambalo leo halimo tena katika ramani. Lilianza katika mpango wa mwaka wa 1926, likakoma muda mfupi baada ya Uhuru wa 1961. Mtoto aliyezaliwa mwaka lilipoanzishwa alikuwa bado na nguvu za kushika jembe siku lilipofutwa. Nchi zilizokuwa ndani yake ni nyingi, wala hatuwezi kuzipitia zote sawasawa. Tutakaa zaidi katika milima ya Uluguru, maana huko ndiko ilikoonekana wazi jinsi mipaka iliyochorwa ofisini inavyoweza kupishana na mipaka ambayo watu wenyewe huishi ndani yake.

Kwanza tuitazame nchi. Milima ya Uluguru imesimama upande wa magharibi wa Dar es Salaam, mwendo wa maili 120 hivi. Mgongo wake umelala kaskazini na kusini. Upande wa kaskazini, juu kabisa ya mji wa Morogoro, kiko kilele cha Lupanga, ambacho urefu wake wapata futi 7,000. Upande wa kusini kiko Kimhandu, kipitacho vilele vyote vya Uluguru, kwa kadiri ya futi 8,600; na huko huko kusini uko uwanda wa juu wa Lukwangule, wenye baridi na ukungu.

Upepo utokao Bahari ya Hindi huja umebeba mvuke wa maji. Nchi ya pwani ni tambarare, basi upepo hupita juu yake bila kuzuiwa, hata ukaigonga milima. Hapo hulazimika kupanda, na kadiri upandavyo ndivyo upoavyo, na mvuke ule hugeuka mawingu na mvua. Ndiyo maana miteremko ya mashariki, upande wa Matombo na Kinole, hupata mvua iliyo nyingi mno, mahali pengine zaidi ya milimita 2,500 kwa mwaka, na mji wa Morogoro uliojificha chini ya mlima haupati hata milimita 1,000. Mtu aweza kusimama sokoni Morogoro juani, akitazama juu akaona Lupanga imefunikwa na wingu jeusi.

Mvua hiyo hairudi baharini kwa njia moja. Ruvu hutoka katika miteremko ya mashariki. Mgeta huanzia upande wa magharibi, huzunguka milima kwa kusini, ukaja kuingia Ruvu. Ngerengere hupita karibu na mji wa Morogoro, huzunguka kwa kaskazini, nao huingia Ruvu. Hivyo mito hii mitatu huikumbatia milima pande zote, kisha maji yote huteremka pamoja kupita nchi ya Wazaramo na Wakwere hata karibu na Bagamoyo, yakaingia baharini. Tangu mwaka wa 1959 maji ya Ruvu huvutwa kwa mitambo kupelekwa Dar es Salaam. Kwa hiyo mwenyeji wa mji ule, akifungua bomba, huenda anywa mvua ya Uluguru bila kujua.

Lakini watu wa pwani walijua zamani sana kwamba mvua yao ina habari na milima hii. Katika milima ya upande wa Matombo mna pango la Kolelo, na kabla ya kuja Wazungu watu walitoka mbali, hata Uzaramo, wakaja huko na sadaka zao kuomba mvua na mavuno. Wakati wa Vita vya Maji Maji vya 1905 jina la Kolelo lilitajwa sana katika nchi ya Uzaramo. Basi ukiuliza kama mlima na pwani vilikuwa na shirika lolote kabla ya kuwekwa katika jimbo moja, jibu ni ndiyo. Shirika lao lilikuwa la maji.

Sasa tuseme habari za watu. Neno Uluguru latokana na neno la Kiluguru la mlima, na Waluguru ni watu wa mlimani. Wazee wao hawakuja wote pamoja kutoka mahali pamoja. Walipanda makundi makundi, kutoka nchi mbalimbali, wengine wakikimbia vita na njaa, na kila kundi likafyeka msitu wake. Kwa hiyo hawakuwa na mfalme mmoja. Walikuwa na koo, zipatazo hamsini, na kila ukoo uligawanyika tena katika matawi mengi. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na urithi wa ardhi na cheo hufuata upande huo wa kike. Mkubwa wa tawi, ambaye Waluguru humwita mndewa, ndiye aliyegawa mashamba, aliyejua ni nani mwenyeji na ni nani aliyekaribishwa, na aliyetambika kwa wazee. Mndewa akifa, mrithi wake hutwaa na jina lake vilevile, ili jina lisife. Hivyo ndivyo jina la Kingalu, mkuu mashuhuri wa Kinole aliyesifika kwa mvua, lilivyoendelea kushikwa na mtu baada ya mtu mpaka siku zetu hizi.

Heshima ya Kingalu ilikuwa kubwa upande wa mashariki, lakini heshima si amri. Watu walimpelekea zawadi wakitaka mvua. Hawakumwendea kuuliza wapande shamba gani. Msomaji alishike jambo hili, kwa maana yaliyofuata baadaye yote yalizunguka hapa.

Chini ya mlima mambo yalikuwa mengine. Katikati ya karne ya 19 Kisabengo, mkubwa wa Kizigua, alijenga mji wenye boma imara mahali pa Morogoro, katika njia ya misafara itokayo Bagamoyo kwenda bara. Baada yake alitawala binti yake, Simbamwene, na mji ukaitwa kwa jina hilo. Stanley alipita hapo mwaka wa 1871 akausifu kwa ukuta wake. Aliporudi mwaka wa 1872 alikuta mafuriko yamekwisha kuchukua sehemu ya ukuta na nyumba nyingi. Maji yaliyofanya hivyo yalitoka mlimani.

Wadachi, yaani Wajerumani, waliifanya Morogoro kuwa makao ya wilaya. Mwaka wa 1898 waliweka kodi ya nyumba, na kazi ya kuikusanya wakawapa maakida, ambao wengi wao walikuwa watu wa pwani wenye kujua kusoma na kuandika, na chini yao majumbe. Reli iliyoanzwa Dar es Salaam mwaka wa 1905 ilifika Morogoro mwaka wa 1907. Tangu siku hizo tambarare iliyo chini ya milima ilianza kujaa mashamba makubwa ya mkonge, na vijana wa mlimani wakateremka kutafuta fedha ya kodi. Tarehe 26 Agosti 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia Morogoro, na utawala wa Wadachi ukakoma hapo.

Waingereza walizirithi wilaya zipatazo ishirini na mbili. Gavana Donald Cameron alipofika mwaka wa 1925 aliziona ni nyingi mno kuongozwa moja moja kutoka Dar es Salaam. Mwaka wa 1926 zikakusanywa katika majimbo 11, kila moja na mkuu wake, na mojawapo likaitwa Jimbo la Mashariki. Miaka michache baadaye majimbo yakapunguzwa yakawa manane. Jimbo la Mahenge likavunjwa, na nchi ya Ulanga ikatiwa katika Mashariki. Basi jimbo hili likawa na Bagamoyo, Uzaramo, Rufiji pamoja na kisiwa cha Mafia, Morogoro, Kilosa na Ulanga. Mji wa Dar es Salaam nao ulihesabiwa humo kwa muda mrefu. Ndani ya mpaka mmoja mlikuwa na mvuvi wa Mafia, mkulima wa mpunga wa Rufiji, mkata mkonge wa Kilosa, na Mluguru wa Mgeta anayeota moto asubuhi kwa baridi. Jina lenyewe lilikuwa la mtu aliyeketi mbele ya ramani. Kwa Mluguru, mashariki ni upande wa mlima unaotoka jua na mvua, wala hakupata kujiita mtu wa Mashariki.

Pamoja na majimbo, Cameron alileta utaratibu wa kutawala kwa njia ya wakubwa wa wenyeji, na sheria yake ilitungwa mwaka huo huo wa 1926. Maakida wakaondolewa. Shauri hili lilikuwa na nia njema, na mahali penye mfalme wa asili, kama Bukoba, lilipata wa kumshika mkono. Katika Uluguru, je, angeshikwa nani? Bwana Shauri hawezi kuandikiana barua na wandewa mia kadha wa kadha. Kwanza walitambuliwa wakubwa wawili, Kingalu akiwa mmoja wao. Kisha katika miaka ya 1930 milima yote ikawekwa chini ya Sultani mmoja, Sabu bin Sabu. Chini yake waliwekwa wakubwa wadogo na majumbe, na hazina, na mahakama. Kwa macho ya ofisi, Uluguru sasa ilikuwa na kichwa, mikono na miguu.

Twaona si haki kumlaumu Sultani peke yake kwa yaliyotokea. Alipewa kazi ambayo mila ya nchi haikuwa na nafasi yake. Alilipwa mshahara na Serikali, akatakiwa kuisemea Serikali mbele ya watu. Na ardhi, ambayo ndiyo moyo wa mambo, haikuwa mkononi mwake. Ilikuwa bado mkononi mwa wandewa, ambao hawakuandikwa katika daftari lolote.

Jambo hili lilifichuka kwa habari ya matuta. Watu mlimani walikuwa wameongezeka, mashamba yakapanda miteremko mikali, na udongo ukaanza kuteremka na mvua. Hatari hiyo ilikuwa ya kweli, na mpaka leo ni ya kweli. Yeyote aliyeuona Ruvu wakati wa masika, mwekundu kama chai, hatabisha. Karibu na mwaka wa 1950 Serikali ilianzisha mpango mkubwa wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru. Watu waliamriwa kuchimba matuta ya ngazi, wakakatazwa kuchoma majani na kulima mahali pa mteremko mkali, na aliyekataa alishtakiwa katika mahakama ya Sultani.

Huko Mgeta, upande wa magharibi, watu walikuwa wanajua tangu zamani kulima kwa ngazi, tena walipanda mboga za kuuza ambazo huilipa kazi ya jembe. Lakini upande wa mashariki udongo mzuri ni ngozi nyembamba tu. Ukichimba ngazi pana, waufukia ule udongo wa juu na kuutoa nje ule wa chini usio na rutuba, na mahindi na mpunga wa mlimani hudhoofika. Wanawake, ambao jembe lilikuwa lao kila siku, waliona kazi imezidi na chakula kimepungua.

Kisha kulikuwa na hofu nyingine, ambayo mabwana shamba hawakuielewa upesi. Aliyekaribishwa kulima katika ardhi ya ukoo mwingine, akichimba humo matuta kwa jasho lake, je, ardhi si itakuwa yake? Na ikiwa Serikali ndiyo iliyoamuru matuta, je, si itasema kesho kwamba ardhi ni ya Serikali? Mndewa aliogopa la kwanza, na watu wote waliogopa la pili. Hakuna aliyewajibu kwa namna ya kuwatuliza, kwa sababu waliokuwa wakijibu ni Sultani na majumbe wake, na hao hawakuwa wenye ardhi.

Mwezi wa Julai 1955 watu wa Matombo walikusanyika kwa wingi kukataa matuta. Askari wakaletwa, ghasia ikatokea, na mtu mmoja akauawa. Mwaka wa nyuma yake chama cha TANU kilikuwa kimeanzishwa Dar es Salaam, na miongoni mwa waasisi wake alikuwamo Mluguru, Patrick Kunambi. Chama hicho kikapata wafuasi wengi mlimani katika miezi hiyo. Serikali ikaacha kulazimisha. Matuta ya upande wa mashariki yakabomoka kidogo kidogo, na ya Mgeta yakabaki, maana wenyewe walikuwa wakiyataka.

Baada ya Uhuru majimbo yaligawanywa yakaitwa mikoa. Nchi za bara za Jimbo la Mashariki, yaani Morogoro, Kilosa na Ulanga, zikawa Mkoa wa Morogoro, na nchi za pwani zikaenda upande wao. Mwaka wa 1963 vyeo vya utawala vya machifu viliondolewa kwa sheria katika Tanganyika nzima, na Usultani wa Uluguru ukaisha. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 mashamba ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji. Hata hivyo, kwa Kinole Kingalu yuko bado. Na mlimani, penye ugomvi wa shamba, mara nyingi wazee wa ukoo huulizwa kwanza ni bibi ya nani aliyelima hapo.