Mto Lumi hauna mwenye mmoja: Jiunge na chama uuokoe

UKISAFIRI kutoka Voi kuelekea Taveta utapita Mwatate na Maktau, kisha uingie nyika ya Tsavo ambako kwa kilomita nyingi huoni ila vumbi jekundu, miti ya miiba na pengine ndovu aliyejipaka udongo. Msafiri mgeni huanza kujiuliza watu wa huku waishije. Halafu, ukikaribia mpaka wa Tanzania, macho hupumzika. Utaona migomba, miembe, mifereji ya maji na mikungu ya ndizi ikisubiri lori la kuelekea Mombasa au Nairobi.

Mahoo, mojawapo ya wadi tano za eneo bunge la Taveta, imo katika neema hiyo. Lakini neema hiyo haikuletwa na mvua ya Taveta, maana mvua yenyewe ni haba. Imeletwa na Mlima Kilimanjaro. Mvua inayonyesha mlimani hupenya ardhini na kuibuka bondeni kama chemchemi. Nao mto Lumi huteremka kutoka upande wa mashariki wa mlima huo, hupita Taveta na kumwaga maji yake katika Ziwa Jipe, ambalo nusu yake ni ya Kenya na nusu ni ya Tanzania. Kutoka Jipe, maji hushika njia ya mto Ruvu hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha mto Pangani huyafikisha Bahari Hindi.

Zamani kingo za Lumi zilikuwa msitu mnene. Wataveta walijenga ndani yake, na msitu huo ukawa ngome yao dhidi ya maadui. Misafara kutoka pwani ilipumzika humo kabla ya kuendelea bara. Mzungu Joseph Thomson, aliyefika mwaka wa 1883, alikuta kivuli na chakula tele. Leo sehemu kubwa ya msitu huo imekwisha. Mahali pa miti pameshikwa na mashamba, na mengine yamelimwa hadi ukingoni kabisa.

Matokeo yake huonekana masika. Mto hufurika, hula kingo na kubeba udongo wenye rutuba hadi ziwani. Udongo ukishatua, matete humea juu yake, na matete hayo hunasa udongo mwingine zaidi. Hivyo ziwa linazidi kuwa na kina kifupi, na mvuvi husukuma mtumbwi katika vichaka ambako palikuwa na maji. Hata perege aliyepewa jina la ziwa hili na wataalamu, Oreochromis jipe, anapungukiwa na makao.

Uhandisi bila saruji

Je, dawa ni nini? Wengi wetu tukisikia neno mhandisi hufikiria saruji, nondo na matingatinga. Lakini kuna uhandisi wa aina nyingine, unaoitwa uhandisi wa ikolojia. Msomi wa Marekani, Howard T. Odum, alianza kulitumia jina hilo mwanzoni mwa miaka ya 1960. Maana yake ni kuviachia viumbe hai vifanye kazi: mizizi ishike udongo, nyasi zichuje maji, na kinamasi kipunguze kasi ya mafuriko.

Usidhani ni mambo ya ng'ambo. Wakulima wa Ukambani huchimba mtaro kukata mteremko na kutupa udongo upande wa juu, kisha nyasi hupandwa juu ya tuta ili lisibomoke. Vitabu vya Kiingereza vya hifadhi ya udongo huyaita matuta hayo "fanya juu", kwa Kiswahili chetu wenyewe!

Mfano mwingine uko Sagalla, karibu na Voi. Huko wakulima na watafiti wa shirika la Save the Elephants, akiwemo Dkt Lucy King, wamezungusha mashamba kwa mizinga ya nyuki iliyounganishwa kwa waya. Ndovu akigusa waya, mizinga hutikisika, nyuki hutoka kwa hasira na aghalabu mzee huyo hugeuka. Mkulima hubaki na mahindi yake, na asali juu.

Kidole kimoja hakivunji chawa

Lakini mto si shamba. Shamba unaweza kulizungushia mizinga peke yako. Mto una mamia ya majirani. Tuseme mkulima wa Mahoo amepanda mianzi na matete ya mifugo kwenye ukingo wake, ilhali jirani wa juu analima hadi majini. Mvua kubwa ya usiku mmoja inatosha kumpokonya juhudi za mwaka mzima. Ndiyo maana kazi hii haiwezekani bila chama.

Sheria inalitambua jambo hili. Tangu Sheria ya Maji ya mwaka wa 2002, na baadaye ile ya 2016, wanaotumia mto mmoja wanaruhusiwa kuunda chama cha watumiaji wa rasilimali za maji. Kazi yake ni kushirikiana katika kutunza chanzo cha maji na kusuluhisha ugomvi baina ya wa juu na wa chini. Kwa upande wa misitu, sheria ya mwaka wa 2005 ilifungua njia kama hiyo kwa vyama vya jamii.

Hata hivyo tusidanganyane. Kujiunga kuna gharama, wala si ada ya uanachama tu. Kanuni za maji zinataka ukanda usiopungua mita 6, na unaoweza kufika mita 30, uachwe bila kulimwa kila upande wa mto. Kwa mwenye shamba dogo, mita 6 ni safu mbili au tatu za migomba, na migomba hiyo ndiyo karo ya mtoto. Unapomwambia aiache, ni lazima umwonyeshe atakula nini. Hapa ndipo uhandisi wa ikolojia unapokuwa na maana: matete ya kulisha ng'ombe yakatwe, mizinga itundikwe kwenye miti ya asili, na mianzi iuzwe ikikomaa. Ukanda usiolimwa si lazima uwe ukanda usio na faida.

Gharama nyingine ni subira. Kuna watu hujiunga na vyama kwa ajili ya marupurupu ya semina, na mfadhili akiondoka, chama nacho huondoka. Kabla ya kujiandikisha, uliza: Je, mkutano wa mwisho ulifanyika lini? Hesabu za fedha husomwa mbele ya wanachama? Wanawake, ambao ndio wachotaji maji, wamo katika kamati? Je, miche iliyopandwa mwaka jana ingali hai? Swali hili la mwisho lina uzito kuliko yote, kwani kupanda mti ni kazi ya siku moja, kuulinda ni kazi ya miaka.

Nawe mwanafunzi, usingoje kumiliki shamba. Vilabu vya wanyamapori mashuleni, Wildlife Clubs of Kenya, vilianzishwa mwaka wa 1968. Anzia hapo, ama muulize mwalimu wako iwapo shule inaweza kutunza kitalu cha miche ya kienyeji kwa ajili ya chama kilicho karibu.

Nanyi jamaa wa mjini, msiseme haya hayawahusu. Sehemu ya maji ya bomba ya Mombasa hutoka chemchemi za Mzima, humu humu Taita Taveta, na ndizi za sokoni zimenyweshwa na mifereji ya Taveta. Kama una shamba la wazazi kando ya mto wowote, likizo ijayo nenda na watoto mkapime hizo mita 6 kutoka ukingoni. Kisha muulize jirani wa juu na wa chini kama kuna chama. Kama hakipo, tayari mko watatu wa kukianzisha.