Tumbawe la Kikambala: Asili na Madini Yake

Msafiri atokaye Mombasa akishavuka daraja la Mtwapa na kuikaribia Kikambala huona kuta za mawe meupe yenye vitundu vingi, mithili ya mkate wa kumimina uliokatwa kwa kisu. Jiwe hilo ndilo tumbawe. Aghalabu hudhaniwa kuwa ni jiwe kama mawe mengine, ilhali asili yake ni ya pekee.

Yapo mawe yanayozaliwa chini sana ya ardhi kwa joto na msongo. Mfano ni jedi, jiwe la kijani lililoenziwa mno na Wachina. Baadhi ya aina zake zenye weusi huipata rangi hiyo kutokana na chuma kilichomo katika madini yake. Tumbawe halikuzaliwa hivyo. Lilijengwa na viumbe hai.

Wanyama wadogo wa baharini, wenye miili laini, hufyonza kalisiamu kutoka majini na kujijengea mifupa ya madini yaitwayo aragonaiti. Yapata miaka 125,000 iliyopita, bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo leo kwa mita kadhaa, na wanyama hao wakajenga mwamba mahali ambapo sasa pana mashamba na nyumba. Baadaye dunia ikapoa, maji mengi yakagandishwa kuwa barafu katika nchi za baridi, bahari ikashuka, mwamba ukabaki mkavu. Hapo mvua ikaanza kazi yake. Maji ya mvua huchukua hewa ya kaboni angani na udongoni, yakawa na ukali kidogo, yakaiyeyusha aragonaiti na kuigandisha upya kwa sura ya kalisaiti. Madini haya mawili yana viambato vile vile, yaani kalisiamu, kaboni na oksijeni. Tofauti yao ni mpangilio wa atomi tu. Vitundu na mapango ya pwani ni matokeo ya uyeyushaji huo huo.

Mafundi wa kale hawakuyajua majina haya, lakini waliyajua mawe. Tumbawe gumu la nchi kavu walilijengea kuta. Lile la baharini, ambalo ni laini likiwa bado na maji na hukazana likikauka, walilichongea vibla na miimo ya milango. Kazi yao yaonekana katika magofu ya Jumba la Mtwana, mji wa karne ya 14 na ya 15 uliofukuliwa na James Kirkman mwaka 1972.

Chokaa ya kuta hizo nayo ilitokana na tumbawe. Jiwe safi likichomwa kwa joto la nyuzi 900 hivi za Selsiasi, kila kilo 100 hutoa kilo 56 za chokaa. Kilo 44 zilizosalia hupaa zikiwa hewa ya kaboni. Ajabu ni kwamba chokaa hiyo, ikishatiwa maji na kupakwa ukutani, huirudisha hewa ile polepole hadi ikawa kalisaiti tena. Kwa hiyo ukuta wa kale ni jiwe lililounganishwa kwa jiwe.

Leo msumeno wa mashine hukata kwa dakika chache kile kilichojengwa kwa maelfu ya miaka. Hasara si jiwe peke yake. Ndani ya vitundu vya mwamba maji matamu ya mvua huelea juu ya maji ya chumvi, na visima vya pwani huyategemea hayo. Shimo likishuka hadi huko, maji hubaki wazi kwa jua na uchafu. Matamu yakipungua, ya chumvi hupanda.

Huko Bamburi, kusini mwa hori ya Mtwapa, kiwanda cha saruji kilianza kulichimba tumbawe mwaka 1954. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti katika mashimo yake. Hapakuwa na udongo, na maji ya chini yalikuwa na chumvi. Mivinje ilistahimili, lakini majani yake yaliyodondoka hayakuoza, mpaka walipoletwa majongoo kuyala na kuyageuza mboji. Msitu umeota, tumbawe lililokuwa pale limekwisha kuwa saruji.