Kichwa cha stendi: pale faida ya video inapovuja Ukambani

Biashara ya picha Kitui na Makueni imegeuka kuwa biashara ya video, lakini wengi waliomo bado wananunua vifaa kana kwamba mteja anataka picha ya kutundika ukutani. Pesa zote huishia kwenye kamera na lenzi. Stendi hununuliwa mwisho, kwa kilichobaki mfukoni, na kichwa chake, ile sehemu ya juu inayoshika kamera na kuizungusha, hakitazamwi kabisa.

Mwenye studio wa Wote au Mwingi haishi tena kwa picha za pasipoti. Anaishi kwa harusi, kwa ntheo (sherehe ya ndoa ya kimila ya Wakamba), kwa ibada, kwa wanamuziki wa benga ya Kikamba wanaotaka kuonekana YouTube, na kwa mazishi. Makanisa yalipofungwa kwa sababu ya korona mwaka 2020, familia zilizoea kufuatilia maziko kwa simu, na jamaa walio Mombasa au Ghuba hawajaacha kuomba kiungo. Shughuli kama hiyo huanza asubuhi ikafika alasiri, msemaji akimpokea msemaji, na yote yanaenda hewani papo hapo. Picha ikitetemeka, hakuna mhariri wa kuificha.

Kichwa kinachouzwa sana kwa wapiga picha ni cha gololi. Unalegeza kitasa kimoja, kamera inageuka upande wowote, unakaza. Kwa picha ya maarusi chini ya mwembe, hakuna kinachokishinda kwa wepesi. Kwa video ni balaa: ukilegeza ili umfuate mchungaji anayetembea madhabahuni, kamera inalala upande na kanisa linalala nayo. Kazi ya video inahitaji kichwa chenye mpini, ambacho kuzunguka kwake na kuinama kwake hufungwa kila kimoja peke yake, na ndani yake mna mafuta mazito yanayozuia mwendo usiende kwa kushtuka. Vichwa vingi vya bei nafuu huandikwa kuwa vya aina hiyo, kumbe ndani ni grisi tu iliyopakwa kati ya vyuma viwili.

Dukani jambo hili hujulikana haraka. Funga kamera yako mwenyewe, iinamishe kidogo, kisha uachie mpini. Kichwa kizuri kitabaki pale pale. Halafu zungusha polepole na usimame ghafla: kibovu hurudi nyuma kama unywele hivi, na kwenye lenzi ndefu unywele huo ni hatua nzima. Anayeagiza mtandaoni na kungoja mzigo kwa basi la Nairobi hapati nafasi ya kufanya jaribio hili, na hapo ndipo nauli ya kwenda mwenyewe inapojilipa.

Uzito nao unapotosha. Kamera ya Sony A7 III ina gramu 650. Ukiifunga kwenye lenzi ya kampuni hiyo ya milimita 70 hadi 200, toleo la kwanza la f/2.8, unaongeza gramu 1,480. Jumla ni zaidi kidogo ya kilo mbili, na kichwa kilichoandikwa kilo tatu hakina ziada ya kutosha, maana watengenezaji ni wakarimu kwa namba. Lakini kilo nyingi si sifa kila mara. Vichwa vingi vya video vina springi ya kusawazisha mzigo, na ile isiyorekebishika iliyotengenezwa kwa kamera nzito itairusha juu kamera ndogo kila ukiachia mpini. Nunua kwa mzigo ulio nao.

Kwa Mbooni na Kilungu, ambako boma zima liko kwenye mteremko, mimi ningelipia bakuli kabla ya jina la kampuni. Kichwa chenye kitako cha duara hukaa ndani ya bakuli la stendi, unalegeza kitasa cha chini, unatazama kiputo cha maji, unakaza. Asiye nalo anahangaika na miguu mitatu, huku bibi harusi ameshaingia. Uwanda wa Kibwezi na Makindu una shida nyingine, vumbi jekundu linalojipenyeza kwenye kila kiungo na kugeuza grisi kuwa msasa. Kitambaa kikavu kila jioni ni matengenezo ya bei rahisi kuliko yote.

Kukodi ni jawabu la Nairobi. Kwa mtu wa Mutomo, nauli, amana na siku ya kurudisha hula malipo ya kazi yenyewe, ingawa lami ya Kibwezi hadi Kitui kupitia Mutomo imewarahisishia mafundi wa kaunti hizi mbili kuazimana. Njia ya maana zaidi ni kununua kwa awamu. Skrubu inayoshika kamera ni ya robo inchi na ile ya kati ya miguu na kichwa kwa kawaida ni ya thumni tatu za inchi, karibu dunia nzima, kwa hiyo miguu ya leo inaweza kubeba kichwa cha mwakani. Stendi za bei ya chini kabisa huharibu mpango huo, kwa kuwa kichwa chake hakifunguki. Kikichoka, unatupa vyote.

Cha mtumba kisidharauliwe. Januari, karo zinapodai, vifaa vilivyofanya kazi Desemba huanza kutafuta wenyewe wapya, na kichwa cha kampuni ya maana kilichotumika miaka kadhaa mara nyingi hukishinda kipya cha bei hiyo hiyo. Kabla ya kutuma M-Pesa, uliza kwanza kibati kinachofungwa chini ya kamera. Mitindo yake haiingiliani yote, na bila cha aina ile ile umenunua chuma tu.