Maswali Kumi ya Pombe

Watu wengi wa kwetu Ngara, na hata majirani zetu wa Biharamulo, hudhani kwamba kazi ya mganga ni kutibu malaria, vidonda na kifua tu, na kwamba habari ya pombe ni ya mke wa mtu, wazee wa ukoo na mwenyekiti wa kijiji. Hata mimi nilidhani hivyo, mpaka nilipofanya kosa ambalo nusura limwue baba yangu mdogo. Nataka kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu jinsi waganga na wauguzi wanavyoshughulika na mgonjwa anywaye pombe, ili mwenzangu mwenye shida kama hiyo nyumbani asifanye nilivyofanya mimi.

Kwanza lazima niseme kwamba pombe kwetu si kitu cha aibu. Ndizi zikiiva hukamuliwa, maji yake huchanganywa na mtama, yakaachwa yachachuke. Mgeni huletewa kibuyu na mrija, na posa, arusi na matanga havikamiliki bila kibuyu hicho. Mama yangu mwenyewe hutengeneza pombe ya ndizi na kuiuza, na daftari nililoandikia maneno haya lilinunuliwa kwa fedha ya pombe. Kwa hiyo siandiki kama mtu anayewacheka wanywaji.

Likizo ya Juni iliyopita nilimkuta baba mdogo amezidi. Yeye ni fundi wa baiskeli, na mikono yake ndiyo shamba lake. Lakini asubuhi mikono hiyo ilitetemeka hata asiweze kukaza nati ya gurudumu mpaka apate kibuyu cha kwanza. Mapema mwaka huo alikuwa amekwenda kutibiwa kidonda cha mguu, akaulizwa, "Mzee, unakunywa pombe?" Akajibu, "Kidogo tu," na mazungumzo yakaishia hapo.

Basi mimi na wanawe tukashauriana. Jumamosi jioni tukaficha vibuyu vyote, tukamfungia chumbani, tukisema kwamba akikaa siku tatu bila pombe atapona. Mama alitukataza, hatukumsikia. Jumapili alianza kutoka jasho na kutapika, na usiku akawa anaongea na watu ambao sisi hatukuwaona. Alfajiri ya Jumatatu akaanguka kifafa. Tulimpakia kwenye pikipiki mpaka zahanati, na kutoka huko akapelekwa hospitali.

Huko muuguzi mmoja, mama mtu mzima, aliniita kando. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Ni nani aliyemfungia mzee?" Nikanyamaza, naye akajua. Hakunigombeza. Alinieleza kwamba mtu akinywa sana kila siku kwa muda mrefu, ubongo wake huzoea kulazwa na pombe, nao hujikaza ili kuipinga. Ni kama watu wawili wanaosukumana mlangoni: mmoja akiondoka ghafula, mwingine huanguka kifudifudi. Kutetemeka na kutoka jasho huanza saa chache baada ya kibuyu cha mwisho. Kifafa huweza kuja ndani ya siku mbili za kwanza. Kisha huweza kufuata kuchanganyikiwa akili, na asiyetibiwa aweza kufa. Hospitali walimpa dawa ya diazepamu, wakaipunguza siku hata siku, pamoja na vitamini B1, maji na chakula.

Nikamwuliza, "Sasa mama, mwajuaje nani aweza kuacha mwenyewe nyumbani, na nani ni lazima aletwe hapa?" Akasema, "Kwa kuuliza vizuri." Ndipo aliponionyesha karatasi ya maswali kumi.

Maswali hayo yana historia yake. Shirika la Afya Duniani liliyatengeneza baada ya kuwachunguza wagonjwa wa nchi sita, nazo ni Norway, Australia, Bulgaria, Mexico, Marekani, na jirani zetu Kenya. Mwongozo wake wa kwanza ulitolewa mwaka 1989. Maswali matatu ya kwanza huuliza mtu hunywa mara ngapi, kiasi gani, na ni mara ngapi hunywa vipimo sita au zaidi kwa kikao kimoja. Matatu yanayofuata huuliza kama hushindwa kuacha akishaanza, kama huacha kazi zake kwa sababu ya pombe, na kama huhitaji pombe asubuhi ili aweze kusimama. Manne ya mwisho huuliza juu ya majuto, kusahau mambo ya jana usiku, kuumia au kuumiza mtu, na kama kuna ndugu au mganga aliyewahi kumwonya. Kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 4, hivyo jumla ya juu kabisa ni 40.

Mtu apataye chini ya 8 huelezwa kwa ufupi hatari za pombe. Kuanzia 8 hadi 15 hupewa shauri la kupunguza. Kuanzia 16 hadi 19 huzungumzwa naye kwa kirefu zaidi na kuitwa tena. Wa 20 na zaidi huchunguzwa na mganga, kwa maana huenda mwili wake umekwisha kufungwa na pombe, na huyo asiache ghafula peke yake. Baba mdogo alipoulizwa baada ya kupata nafuu, alipata 27. Laiti angaliulizwa siku ile ya kidonda!

Hapo mtaona kwa nini "kidogo tu" si jibu. Kipimo kimoja katika maswali haya ni gramu 10 za kileo chenyewe. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 5 ina gramu 20 hivi, yaani vipimo viwili. Basi chupa tatu ni vipimo sita. Lakini kibuyu hakina karatasi ya kueleza nguvu yake, wala gongo haina, na gongo huweza kuwa na sumu. Kwa hiyo muuguzi mwenye busara huuliza: ni kibuyu cha ukubwa gani? Mnakunywa wangapi? Hujazwa mara ngapi? Mtu ambaye angesema "kidogo" hujikuta anahesabu mwenyewe, na mara nyingine hushangaa.

Jambo la pili ni namna ya kusema. Zamani mnywaji alipewa hotuba, naye akaenda zake kunywa ili aisahau. Sasa muuguzi hufundishwa kuomba ruhusa kwanza: "Mzee, waweza kunipa dakika chache tuzungumze habari ya pombe?" Kisha humwonyesha uhusiano wa pombe na ugonjwa uliomleta siku ile. Halafu humwuliza: "Kwa hesabu ya moja hadi kumi, uko tayari kiasi gani kupunguza?" Mgonjwa akisema tatu, hamwambii kwamba tatu ni haba. Humwuliza, "Kwa nini hukusema moja?" Hapo mgonjwa hutoa sababu zake kwa kinywa chake, na mtu husikia maneno yake mwenyewe kuliko ya mwingine. Mwisho hupatana juu ya jambo moja dogo la kuanzia.

Kazi ya namna hii imejaribiwa katika nchi yetu. Katika hospitali ya KCMC mjini Moshi wauguzi wamekuwa wakizungumza kwa Kiswahili na watu walioletwa wakiwa wameumia, katika mpango uitwao Punguza Pombe Kwa Afya Yako, na baadhi yao wakakumbushwa baadaye kwa ujumbe wa simu. Mtu ambaye mguu wake umevunjika kwa ajili ya ulevi huwa tayari kusikia siku ile kuliko siku nyingine yoyote.

Huku kwetu hatuna daktari wa kila familia kama Uingereza. Tuna zahanati, kituo cha afya, kisha hospitali. Hata hivyo nafasi za kuuliza ni nyingi. Mgonjwa wa kifua kikuu anayemeza dawa miezi sita aulizwe, kwa kuwa dawa hizo na pombe vyote huchosha ini. Anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI aulizwe, kwa kuwa mlevi husahau saa ya dawa. Mama mjamzito aulizwe kwa upole, maana hakuna kiasi cha pombe kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto aliye tumboni.

Shirika la Afya Duniani limehesabu kwamba mwaka 2019 watu milioni 2.6 duniani walikufa kwa sababu ya pombe. Kumbe mmoja wao angeweza kuwa mtu wa nyumbani kwetu, tena kwa mikono yetu sisi tuliompenda.

Baba mdogo hajawa malaika. Huenda zahanati kila mwezi, na mwezi mmoja alirudi nyuma, akaona haya hata kwenda. Muuguzi alimtumia salamu kwamba kiti chake kipo, naye akaenda. Siku hizi hukaza nati asubuhi bila kibuyu. Mama bado anatengeneza pombe, lakini hamuuzii yeye, nao wawili walipatana hivyo mbele ya muuguzi.

Basi, wenzangu, mkienda likizo mkamkuta ndugu anayetetemeka asubuhi, msimfungie mlango wala msimwage pombe yake. Mpelekeni kwa mganga, na akiulizwa, mwacheni ajibu mwenyewe.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne