Soko la mpakani Taveta lafumbua fumbo la fizikia

MFANYABIASHARA atokaye Voi kwenda kununua bidhaa Holili, ng'ambo ya mpaka wa Taveta, hulazimika kubadilisha fedha. Pasipo kujua, anatumia mojawapo ya kanuni kuu za fizikia ya kisasa.

Mathalani, Tanzania ikiamua kufuta sifuri tatu katika sarafu yake, bei zote za Holili zitagawanywa kwa 1,000, na kiwango cha kubadilishia fedha kitarekebishwa vivyo hivyo. Hakuna atakayetajirika wala kufilisika, kwani kilichobadilika ni kipimo, si mali.

Kila nchi ina kipimo chake, na kiwango hicho ndicho kiungo kinachowezesha kuvilinganisha. Hata hivyo, viwango vyaweza kutofautiana. Mtu akigeuza shilingi 1,000 za Kenya kuwa za Tanzania, kisha za Uganda, na kurejea kwenye za Kenya akapata 1,010, ziada hiyo ya asilimia 1 ni ya kweli. Nchi zote tatu zikibadili sarafu zao, haitaondoka. Katika jiometria, ziada ya namna hiyo huitwa mpindo.

Mwanahisabati Mjerumani, Hermann Weyl, alianzisha wazo hilo mwaka 1918, na mwaka 1929 akaliweka katika sura inayotumika leo kueleza umeme na sumaku. Mwaka 1954, Chen Ning Yang na Robert Mills walilipanua. Juu yake zikajengwa nadharia za nguvu zilizomo ndani ya atomu.

Kwa wanafizikia, uga wa sumaku si kingine ila ziada ibakiayo baada ya kuzunguka na kurudi pale pale.