Ngarambe ya Kinjikitile

Msafiri akisikia naandika habari za Ngarambe, huuliza: lile bwawa lipo? Kabla sijajibu anaongeza: maji yake bado yana nguvu? Siku hizi kuna na mwingine, yule anayetembea na ramani iliyochorwa kwa mkono akitafuta sanduku la rupia za Mjerumani. Hakuna sanduku. Serikali iliyohesabu kodi ya kila kibanda haikuwa ya kusahau fedha porini, na kila shimo linalochimbwa kwa ndoto ya mganga huenda likavuruga kaburi la mtu.

Njia ni rahisi kuieleza. Kutoka Dar es Salaam unashika barabara ya Kilwa, unapita Kibiti na Ikwiriri, unavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, kisha unaiacha lami na kukata kuelekea magharibi. Usitarajie ubaridi wa Lushoto. Milima ya Matumbi iliyo jirani ni mifupi, yenye joto na mapango. Nenda kiangazi. Masika gari linazama topeni, na wa kulivuta utamsubiri sana. Ukifika, anzia ofisi ya kijiji, jitambulishe, ndipo uwaombe wakuonyeshe wazee.

Wazee waliosimulia habari hizi kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1960 walieleza kwamba mwaka 1904 mganga Kinjikitile Ngwale alipandwa na pepo Hongo, akazama kwenye bwawa lile, ndugu zake wakamlilia, na kesho yake akatoka nguo zikiwa kavu. Hongo alikuwa mjumbe wa Bokero, pepo mkuu ambaye kitovu chake kilikuwa Kibesa, kwenye mto Rufiji. Kuanzia hapo watu wakamiminika Ngarambe. Walitoka Umatumbi, Ungindo, Rufiji na pwani, wakapewa maji ya dawa, wakafundishwa gwaride walilolijua kwa jina la likinda, kisha wakarudi kwao kusubiri neno.

Wengi wanaijua hadithi hii ya Vita vya Maji Maji kwa sehemu moja tu: risasi kugeuka maji. Halafu wanacheka, au wanasikitika kwa namna inayofanana na kucheka. Mimi siamini kwamba dawa yoyote inazuia risasi. Lakini kuishia hapo ni uvivu. Watu hawa hawakuwa na mfalme mmoja wala jeshi moja. Kila ukoo ulikuwa na mizimu yake. Maji yaliwapa kiapo kimoja, na Ngarambe ikawapa mahali pa kukutana bila akida wa Mjerumani kushtuka, kwa kuwa safari ya kwenda kwa mganga haikumtisha mtawala.

Nilipanga baada ya hapo nieleze mahali pa kulala na njia ya kwenda mapangoni. Lakini huwezi kuielewa Ngarambe bila pamba, na pamba inastahili nafasi.

Kuanzia 1902, chini ya Gavana wa Kijerumani Götzen, kila jumbe, mkuu wa kijiji, aliagizwa kufungua shamba la pamba ambalo watu wake walilima kwa zamu. Hesabu ya karatasini ilikuwa siku 28 kwa mwaka, na mapato yagawanywe mafungu matatu, moja likiwa la wakulima. Siku 28 zinaonekana chache kwa asiyelima. Sasa mtazame mkulima wa mpunga bondeni Rufiji. Mpunga ukianza kuchanua, familia inahamia shambani. Anajenga dungu, kibanda juu ya nguzo ndefu, anapanda ngazi ya miti na kukaa huko na wanawe, mchana wakiamia ndege, usiku wakifukuza nguruwe na viboko. Usiku mmoja dungu likikosa mtu, kundi la nguruwe linamaliza chakula cha miezi. Mwite mtu huyo akapalilie pamba ya jumbe wakati huohuo, kwa mjeledi, umeona njaa yake inakotoka. Malipo yalipokuja yalikuwa senti chache mno, wengine wakakataa hata kuzipokea. Ndiyo maana vita havikuanza kwa kushambulia boma. Mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete katika Milima ya Matumbi, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela na wenzao waliingia shambani wakang'oa miche ya pamba.

Hapo ndipo lilipo kosa lingine ninalolikuta kila mara. Watu hudhani Kinjikitile ndiye aliyetoa amri. Masimulizi yanasema aliwataka wasubiri, na Wamatumbi wakachoka kusubiri. Wanaomfahamu kwa tamthilia ya Ebrahim Hussein, *Kinjeketile* ya 1969, wakumbuke kwamba mwandishi mwenyewe alitahadharisha kuwa mhusika wake ni wa sanaa. Kinjikitile wa Ngarambe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Vikaendelea hadi 1907 bila yeye, vikafika Mahenge na Ungoni. Wajerumani walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Mwanahistoria Gwassa aliwaweka kati ya 250,000 na 300,000, wengi kwa njaa, kwa sababu majeshi yalichoma maghala na mashamba kwa makusudi.

Hilo ulikumbuke ukitoka Ngarambe kuelekea magharibi, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa kutoka Selous mwaka 2019. Vipeperushi vinakuuzia pori ambalo halijawahi kuguswa na binadamu. Si kweli. Sehemu kubwa ilikuwa nchi ya Wangindo wenye mashamba na njia za biashara. Vita na njaa vilipunguza watu, wanyama wakasogea, na miaka ya 1940 serikali ya Kiingereza ikawahamisha wengi waliobaki kwa hoja ya malale. Muulize mwongozaji wako vijiji hivyo vilikuwa wapi. Akishindwa kukujibu, mtafute mzee wa Kingindo kabla hujalipia gari.