Fahamu: Kwa nini nyani dume huhama kwao

Huko Amboseli, kusini mwa Kenya, watafiti wamewafuatilia nyani tangu 1971, wakimtambua kila mmoja kwa sura. Jike hubaki kwao maisha yake yote na hurithi cheo cha mama yake. Dume hana urithi huo. Akifika umri wa miaka 8 hivi huondoka, pengine akitangatanga peke yake, na chui wapo. Faida ya kuhama ni kwamba ndugu hawazaani.

Ugenini, wengi hawaanzi na vita. Mgeni hukaa pembezoni, husogea taratibu, hujipendekeza kwa jike fulani kwa kumchambua manyoya. Halafu hupimana nguvu na madume wenzake: kupiga miayo ili chonge zionekane, kufukuzana, mara chache kung'atana. Anayempisha mwenzake amekwisha kukubali kuwa chini.

Anayepishwa na wote huwa wa kwanza kwa cheo, lakini ukubwa huo haudumu. Ujana ukipita, mwingine huuchukua. Tena una gharama: utafiti wa Amboseli uliochapishwa 2011 ulionyesha kuwa dume wa kwanza ana homoni nyingi za msongo kuliko wa pili. Naona wa pili ndiye mjanja, ingawa yule wa kwanza humshinda kwa idadi ya watoto.